Taa Nne za Chumba cha Upasuaji

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na moja ya mwezi wa pili, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mbele ya mgeni rasmi, wapiga picha wawili na paja la kuku.

Paja lilikuwa limelazwa juu ya kitanda cha upasuaji, ndani ya trei ya chuma, limefunikwa kitambaa cha kijani kwa heshima zote. Daktari wa upasuaji alikuwa amelidunga rangi maalumu. Mashine mpya ya kusaidia upasuaji wa saratani, yenye kamera kwenye mkono mrefu na skrini pana kama dirisha, ilikuwa iwaonyeshe wageni rangi ile iking'aa ndani ya nyama, mahali ambapo jicho la mtu haliambulii kitu. Mkurugenzi wa hospitali alikwisha kuhutubia dakika arobaini. Alijisifu, akamsifu mgeni, mgeni naye akamsifu yeye, wakavishana vilemba vya ukoka mpaka wauguzi waliosimama tangu saa mbili wakawa wanapumzisha mguu mmoja mmoja.

Kisha daktari akazima taa kubwa ya juu ya kitanda, kama kitabu cha mashine kilivyoagiza, akabonyeza kitufe.

Skrini ikawa nyeupe. Nyeupe pe, kama mtu aliyemwaga maziwa mezani. Akabonyeza tena. Maziwa. Akaisogeza kamera, akaishusha, akaipandisha. Maziwa matupu. Mgeni rasmi akamwinamia Mkurugenzi sikioni, lakini chumba kilikuwa kimya, kila mtu akasikia: "Hiyo ndiyo saratani, au bado inapata moto?"

Nyuma kabisa, karibu na mlango, fundi umeme wa hospitali akaangua kicheko. Hakukificha kiganjani. Kilitoka tumboni, cheko la mtu aliyengoja miaka kuwaona wakubwa wakiumbuka hadharani, na leo ameletewa mpaka alipo. Mkurugenzi akamkata jicho. Fundi akainama kujifanya anatafuta bisibisi kwenye sanduku lake, mabega yakiendelea kutikisika.

Pale hospitali walimwita Balbu. Kichwa chake kilikuwa na upara wa duara na shingo nyembamba, na aliyempa jina hilo hakuwa na haja ya kufikiri sana. Shule aliishia darasa la nne. Kusoma alisoma, ila kwa kidole, neno baada ya neno. Umeme alijifundisha kwa kupigwa nao. Alikuwa na miaka ishirini na sita katika jengo lile, na katika miaka hiyo wakurugenzi saba walikuja wakaondoka, kila mmoja akaacha picha yake ukutani na bomba linalovuja.

Hakuwapenda hata mmoja, na sababu alikuwa nayo. Miaka mitano nyuma mkewe alipasuliwa humo humo. Walitoa titi la kulia, wakafyeka na tezi zote za kwapani, kwa kuwa hapakuwa na namna ya kujua ipi ina ugonjwa na ipi haina. Mkono ukaanza kuvimba. Ukavimba vidole, ukavimba kiwiko, ukawa mzito kama gunia lililoloa, hata kikombe cha chai mama wa watu akawa anakishika kwa mkono wa kushoto kama mtoto. Kila asubuhi Balbu aliukanda kabla ya kwenda kazini. Kila jioni aliukuta umejaa tena. Ugonjwa wenyewe ulirudi kwa mlango mwingine, ukaingia kwenye mapafu, na baada ya miaka miwili Balbu akamzika. Lakini kilichomkaa rohoni hakikuwa kaburi. Ulikuwa ule mkono. Aliwauliza wakubwa kama hakuna mashine ya kusaidia, wakamwambia bajeti. Kumbe bajeti ya kiyoyozi cha ofisi ilikuwepo. Alijua, maana alikifunga mwenyewe.

Kwa hiyo siku ya maziwa alicheka, na kesho yake akacheka tena alipoambiwa aisukume mashine mpaka stoo, kati ya vitanda vilivyovunjika na viti vya magurudumu visivyo na magurudumu. Waliifunika shuka jeupe. Wauguzi wakaibatiza Bi Harusi, kwa kuwa alikuwa amefunikwa na hakuna aliyejua lini atafunuliwa.

Mwezi haujaisha vizuri, shemeji yake akaja karakana.

Alikuwa mdogo wa marehemu, fundi cherehani mwenye kibanda chake nyuma ya kituo cha mafuta, mwanamke mwenye maneno mengi kuliko pini. Balbu alikuwa ameinamia feni.

"Shem, una nafasi?"

"Kama umeleta suruali yangu, nafasi ninayo. Kama umeleta visingizio, nina kazi."

"Suruali yako inangoja uamue tumbo lako linaishia wapi. Nimepima mara mbili, kila mara nakuta limehama."

Akacheka yeye, Balbu akacheka. Kisha yule mwanamke akavuta kreti akaketi, na kicheko kikamwisha usoni kama taa iliyozimwa.

"Nimekutwa nacho," alisema.

"Nini?"

"Alichokuwa nacho dada."

Bisibisi ikamponyoka Balbu, ikaviringika mpaka chini ya meza. Hakuiokota.

"Upande gani?"

"Kulia. Daktari anasema kimewahiwa, kidogo kama punje ya harage. Titi hawatalitoa lote. Alhamisi ya wiki ijayo. Ila kwapani..."

"Zote?"

"Zote. Anasema hana njia ya kuchagua." Aliunyanyua mkono wake wa kulia akautazama, vidole vyembamba vyenye sugu ya mkasi kwenye dole gumba. "Usinicheke, Shem. Kufa naogopa kama watu wote. Lakini mkono naogopa zaidi. Mimi niliyekaa kibandani miaka kumi na tisa, mkono huu ndio unaozungusha gurudumu, ndio unaokata, ndio unaonilisha. Ukiwa kama wa dada, mimi nitakuwa nani?"

Balbu alimsindikiza mpaka getini, akamwambia ajikaze, neno ambalo hata yeye lilimkera lilipotoka mdomoni. Kisha akageuka akaenda moja kwa moja kwa daktari wa upasuaji, kwa mwendo wa mtu anayekwenda kupigana.

Daktari alikuwa mwanamke wa umri wa binti yake kama angejaliwa binti, anakula karanga juu ya mafaili.

"Daktari, shemeji yangu humfyeki kwapa."

"Kaa, Mzee Balbu."

"Sikai. Ninyi wakubwa mnatufanya sisi shamba la mihogo, mnakata mnavyotaka..."

"Mimi mkubwa?" Daktari alisukuma kiti chake nyuma. "Angalia. Miguu mitatu, wa nne ni kamusi. Nimekuomba tangu mwaka jana uje ugongelee msumari. Basi kaa kwenye kile kizima, mimi na ukubwa wangu nitabaki kwenye hiki."

Balbu akakaa, nusu kwa aibu.

Daktari akachukua karatasi akachora duara, akavuta mistari kutoka kwenye duara kwenda pembeni. "Kutoka kwenye titi kuna vijia, vyembamba kuliko uzi wa shemeji yako. Vinapeleka maji ya mwili kwapani. Huko kuna tezi nyingi, lakini moja au mbili ndizo zinazopokea kwanza, kama walinzi wa getini. Ugonjwa ukitaka kutoka, lazima upite kwao. Nikiwajua walinzi, nawatoa hao tu, maabara inawapima. Wakiwa safi, wa ndani nina sababu gani ya kuwagusa? Nawaacha, na mkono unabaki mkono."

"Na utawajuaje?"

"Nadunga rangi kwenye titi. Inasafiri na yale maji. Mashine inaimulika kwa mwanga ambao wewe na mimi hatuuoni, rangi nayo inarudisha mwanga mwingine, na huo hatuuoni. Kamera ndiyo inauona. Tezi ya kwanza inawaka kwenye skrini kama nyota."

"Mwanga usioonekana."

"Ndiyo."

"Sasa kama hauonekani unaitwaje mwanga?"

Daktari akacheka, kisha akaweka kalamu chini. "Ndiyo hiyo mashine, Mzee. Bi Harusi wenu wa stoo. Nilifuata kitabu hatua kwa hatua, nikazima taa ya upasuaji, ikanipa maziwa. Mkurugenzi ameandika kuwa ni mbovu. Jumatano gari la waliotuletea linakuja kuichukua. Wakituletea nyingine, labda mwakani."

Jumatano. Na shemeji anapasuliwa Alhamisi. Balbu alitoka akiwalaani wote, kuanzia mgeni rasmi mpaka dereva wa gari ambaye hajamwona.

Jumatatu mchana, watu walipokwenda kula, aliitwa wodi ya watoto. Televisheni haiwaki. Alichukua rimoti, akatoa simu yake ya mkononi, akawasha kamera na kuielekezea rimoti ile, akabonyeza. Huo ni ujanja wa kila fundi: macho hayaoni kitu pale mbele ya rimoti, lakini kwenye kioo cha simu kitaa kidogo cha zambarau kinapepesa. Kikipepesa, rimoti ni nzima. Kilipepesa.

Balbu akabaki amesimama na rimoti mkono huu na simu mkono ule.

"Babu, washa katuni," mgonjwa mmoja wa kitandani alimwambia.

"Ngoja, mjukuu wangu. Babu kapigwa na kitu."

Mwanga usioonekana. Kumbe alikuwa akiufanyia kazi miaka yote, tena bila shukrani! Akabadilisha plagi ya televisheni, ambayo ndiyo iliyokuwa na shida, akaondoka na rimoti mfukoni, katuni zikiimba nyuma yake.

Stoo alijifungia. Alimvua Bi Harusi shuka, akavuta waya wa ekstensheni kutoka karakana, akamuwasha. Hakuruhusiwa, na alijua hakuruhusiwa. Mashine ikavuma, skrini ikaja. Nyeusi. Hakukuwa na maziwa humu, ila giza tupu, ingawa taa ya stoo, kijitaa cha LED, ilikuwa inawaka juu ya kichwa chake. Basi imekufa kabisa, akasema. Akaielekezea rimoti ya katuni, akabonyeza.

Katikati ya giza la skrini kukawaka kitone cheupe, kikazima, kikawaka.

"Unaona!" Balbu alimwambia Bi Harusi. "Macho unayo, mama! Walikusingizia upofu!"

Sasa kama macho anayo, siku ile alimwagiwa nini? Balbu hakuwa na elimu ya vitabu, lakini kutafuta hitilafu alijua: unaondoa kimoja kimoja mpaka mwizi abaki peke yake. Akaenda karakana akaleta kila aina ya taa aliyokuwa nayo. Akawasha mrija wa dari: skrini ikabaki nyeusi. Akawasha tochi ya LED: nyeusi. Akawasha balbu ya zamani, ile ya waya unaoiva: kona nzima ya skrini ikang'aa. Akatabasamu. Ndiyo kwanza anaukaribia ukweli, na hakujua ukweli wenyewe una sura gani. Chini ya meza ya karakana ilikuwa imebaki moja, ndugu wa nyingine nne, taa nene ya halojeni ya kumulikia majengo yanayojengwa, ile inayoweza kuchoma nyusi ukiisogelea. Akaileta, akaichomeka.

Maziwa. Toka pembe hadi pembe. Kumbe taa inayochoma humwaga mwanga usioonekana kwa ndoo.

Balbu akakaa sakafuni.

Zile nne nyingine zilikuwa kwenye kuta za chumba cha upasuaji. Alizifunga yeye. Mwezi wa tisa mwaka uliopita mirija yote ya dari mle iliungua, taa mpya zikawa "ziko njiani" wiki baada ya wiki, na Mkurugenzi akamwambia kwenye korido, hata bila kusimama, afanye ujanja wake kazi isilale. Akafanya. Wauguzi walimpigia makofi siku ile, ingawa walilalamika chumba kinaiva kama tanuri. Na siku ya sherehe, daktari alipozima taa ya kitanda, hizo nne hakuna aliyezigusa, kwa kuwa kwao hazikuwa taa za upasuaji. Zilikuwa ni mwanga tu wa kutoona giza. Tena yeye Balbu ndiye aliyezipangusa vumbi asubuhi ile, wageni wapate kuonekana vizuri kwenye picha.

Alitafuta mtu wa kumlaumu. Hiyo ilikuwa kazi aliyoizoea, na watu hawakukosekana: yupo Mkurugenzi, wapo wenye taa zilizo njiani, yupo aliyeandika kitabu cha mashine bila kusema taa zipi. Wote walikuwa na fungu lao. Lakini kila alipozunguka alirudi kwenye bisibisi yake. Alikuwa amecheka siku ile, na alichokicheka kilikuwa kazi ya mikono yake.

Angeweza kunyamaza. Angezing'oa taa kimyakimya, na Jumatano gari lingemchukua Bi Harusi mzima wa afya, akaandikwe mbovu mbele ya safari. Hakuna ambaye angejua. Ila Alhamisi ingefika.

Daktari alimsikiliza mpaka mwisho bila kutafuna karanga hata moja. Kisha akaenda naye stoo na kidole cha glovu alichokijaza maji na tone la rangi. Chini ya kijitaa cha LED kidole kile kiliwaka kwenye skrini kama kaa la moto. Balbu akachomeka taa ya halojeni: maziwa. Akachomoa: kidole kikarudi. Daktari akakaa juu ya kiti cha magurudumu kisicho na magurudumu, akashika paji la uso.

"Mzee, unataka nikukumbatie au nikupige?"

"Lolote, Daktari, ila kabla ya Jumatano."

Jumanne asubuhi wakaingia kwa Mkurugenzi. Kiyoyozi kilivuma. Mkurugenzi alisikiliza huku akipanga kalamu zake mstari mmoja, kubwa kwa ndogo.

"Nani alikuruhusu kuwasha mashine ya hospitali?"

"Hakuna, Bosi."

"Na nani alikuruhusu kufunga taa za ujenzi kwenye chumba cha upasuaji?"

"Wewe."

"Kwa barua ipi?"

"Kwa mdomo wako. Kwenye korido. Ulikuwa unakwenda kula, ukanambia fanya ujanja wako."

"Sikumbuki." Mkurugenzi akasogeza kalamu moja. "Mimi nimekwisha andika juu kwamba mashine ni mbovu. Leo niandike kwamba si mbovu, nitaulizwa ilikuwa nini. Lazima niwe na maelezo. Fundi akikiri kwa maandishi kwamba alifunga taa zisizofaa bila idhini, mashine inabaki. Asipokiri, gari linakuja kesho."

"Huo ni uonevu," daktari alisema. "Mgonjwa anaingia keshokutwa."

"Huo ni utaratibu, Daktari."

Balbu aliitazama karatasi nyeupe aliyosogezewa. Miaka ishirini na sita hakuwahi kutia saini kosa. Hata lile la jenereta, lililokuwa lake kweli, alilikana mpaka likachoka. Alijua barua ya onyo ikiingia kwenye faili lake, nyingine ikifuata, unga wake umemwagika, na miaka miwili tu imebaki astaafu. Na aliyekaa mbele yake, mwenye mdomo uleule wa kwenye korido, atabaki msafi kama sahani ya wageni. Hasira ilimpanda mpaka masikioni. Alikuwa na maneno tayari, ameyalea tangu siku ya mazishi, mazuri, makali, yangemtosha Mkurugenzi na wale saba waliomtangulia.

Akayameza. Akashika kalamu. Aliandika kwa kidole kikifuata: *Taa nne nilifunga mimi. Zinapofusha mashine. Zitolewe leo.*

"Ongeza 'bila idhini'," Mkurugenzi alisema.

Balbu akaongeza: *bila idhini ya maandishi.* Mkurugenzi alisoma, akafungua mdomo, akamwona daktari anavyomtazama, akaufunga.

"Na taa nyingine utazipata wapi? Zile mpya bado ziko..."

"Njiani, najua," Balbu alisema. "Hazihitajiki. Ukumbi wenu wa mikutano una za LED kumi na mbili. Nzuri sana. Nilizifunga mwenyewe."

"Na mikutano?"

"Mikutano itafanyika kwenye mwanga unaoonekana na Mungu peke yake," alisema daktari, akafungua mlango.

Mpaka Jumatano jioni chumba cha upasuaji kilikuwa kimebadilika. Gari lilikuja likarudi tupu. Balbu alizing'oa zile nne, akafunga za ukumbini, kisha akamleta Bi Harusi na kuanza kumzungusha chumba kizima, akichungulia kila kona kwa macho ya mashine. Ndipo akagundua dirisha nalo ni mwizi: jua lilipopenya kwenye kioo cha ukungu, ukingo wa skrini ukawa mweupe. Akalipigilia mbao, akaziba nyufa kwa raba nyeusi ya godoro. Wauguzi wakamuuliza kama anajenga banda la kuku. Akawaambia ndiyo, na wao ndio wa kwanza kuingizwa.

Alhamisi saa tatu asubuhi, walimvalisha Balbu gauni la kijani, kofia na barakoa, wakamsimamisha ukutani karibu na swichi, kwa amri ya daktari: "Taa zikileta ukorofi nataka mwenye taa awe hapa." Shemeji yake aliletwa kwenye toroli. Alimtambua kwa macho tu.

"Shem, umevaa gauni?"

"Kaa kimya, utanichekesha."

"Mishono yake mibaya. Aliyeshona hilo afungwe."

Mtaalamu wa usingizi akamwambia ahesabu, akafika sita, akalala.

Daktari akadunga rangi. Muuguzi akakanda polepole pale ilipodungwa. Kwa macho hapakuwa na kitu, ngozi tu. "Zima kubwa," alisema daktari. Balbu akazima taa ya kitanda. Zile za ukumbini zikabaki, na kila mtu aliendelea kuona mikono yake na miguu yake. Macho yote yakageukia skrini.

Nyeusi.

Balbu akaigusa swichi, kuhakikisha kubwa imezimwa kweli. Nyeusi bado. Dakika moja ni ndefu ukiwa ukutani na kosa lako limo kwenye faili. Kisha kando ya titi kikatokea kitu kama ukungu mweupe, ukungu ukachomoza uzi, uzi ukaanza kutembea. Ulitembea chini ya ngozi ya mtu aliyelala, bila haraka, ukakata kona, ukapotea kidogo, ukaonekana mbele zaidi, na karibu na kwapa ukasimama. Pale uliposimama pakawaka kitone. Pembeni yake kikawaka cha pili.

"Haya, walinzi wangu," daktari alinong'ona. "Habari za getini."

Muuguzi mkuu, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akilia, alijipangusa jicho kwa bega.

Daktari alikata hapo tu, mkato mfupi kama tundu la kifungo. Akatoa tezi ya kwanza, akaiweka chini ya kamera: inawaka. Ya pili: inawaka. Akaelekeza kamera kwenye kwapa tena. Giza. "Nyingine zilale," alisema. "Zikituhitaji, zitatuita. Washa kubwa." Kisha akaenda kwenye titi kutoa punje yenyewe, na Balbu akageukia ukuta, kwa kuwa hiyo haikuwa kazi ya macho yake.

Majibu ya maabara yalichukua siku kumi na mbili. Shemeji mtu alizimaliza kwa kufumua na kushona upya mapazia ya nyumba nzima, kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia alikatazwa. Daktari alimpigia simu mwenyewe. Zote mbili zilikuwa safi. Kwapa halitaguswa tena. Ilibaki mionzi ya wiki chache na vidonge, na hayo aliyapokea kwa matusi madogo madogo tu. Mwezi wa tano alikuwa kibandani, gurudumu linazunguka, mkono wake wa kulia mwembamba kama zamani. Balbu alikuwa akienda kila Jumamosi kwa kisingizio hiki na kile, anakaa kwenye kiti cha wateja na kuutazama mkono ule unavyokwenda na kurudi, mpaka mwenyewe anamwambia, "Shem, unanitia nuksi, angalia barabara."

Tangu Alhamisi ile wanawake kumi na tisa walikuwa wamelala chini ya kamera. Mkurugenzi alikuwa amepigwa picha na mashine mara mbili. Barua ya onyo ilikuwa kwenye faili. Balbu alipolala usiku hakuigeuza geuza kichwani kama alivyodhani ataigeuza.

Jumamosi moja mteja aliingia kibandani, mwalimu wa shule ya msingi, na magauni matatu mkononi. Alitaka mikono ya kulia ipanuliwe. Ya kulia tu. Shemeji alipofunua futi kumpima, akaishusha tena, na Balbu aliyekuwa kwenye kiti akaona kwa nini. Mkono ulikuwa umefungwa bandeji toka vidoleni mpaka juu, umejaa.

"Ulipasuliwa wapi, Mwalimu?" Shemeji aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hapo hapo hospitali. Ijumaa tarehe kumi na nne, mwezi wa pili. Ugonjwa umeisha, nashukuru, naishi. Nimesikia una habari za kamera. Wodini wanasema ulipimwa na kamera."

Shemeji alimwonyesha Balbu kwa futi. "Huyu ndiye mwenye taa," alisema.

Balbu alisimama. Hakutaja Mkurugenzi, hakutaja korido. Alimweleza yule mwalimu yote, kuanzia paja la kuku, kwamba siku tatu baada ya sherehe ile mashine ilikuwa nzima, iko stoo, na taa alizifunga yeye. Aliongea akiangalia sakafu yenye vipande vya nyuzi. Alingoja atukanwe, tena alitamani atukanwe, maana hiyo angejua kuipokea.

Mwalimu hakumtukana. Alifungua mkoba kwa mkono wa kushoto, akatoa karatasi ya maabara iliyokunjwa mara nne, akamkabidhi. Balbu akaisoma kwa kidole, neno baada ya neno, na alipofika chini akarudia.

Jumatatu alimchukua mwalimu mpaka kwa daktari. Daktari akaisoma karatasi, akamwandikia mtaalamu wa kukanda mikono, akamwambia wamewahi, uvimbe wa miezi mitatu bado unaweza kupunguzwa na atashika chaki tena. Mwalimu akashukuru. Kisha wote watatu wakapanda ghorofani, wakasimama mbele ya Mkurugenzi, naye mwalimu akaiweka karatasi juu ya meza, akainyoosha kwa kiganja, akauliza bila kupandisha sauti, kama anavyowauliza watoto wa darasani kwake:

"Hapa pameandikwa mlinitoa tezi kumi na sita, na zote kumi na sita zilikuwa safi. Mlizitolea nini?"